Naomba ushauri: tandiko salama la kizimba cha pogona (mjusi wa kufugwa)
Wakuu, naombeni ushauri. Pogona ana miezi mitatu, kizimba cha kioo, sehemu ya kuota joto nyuzi 40. Chini kuna magazeti: ni salama, ila anateleza na hawezi kuchimba. Maranda ya mwerezi na msonobari sitaki kabisa, mafuta yake huwasha mapafu. Mchanga wa kalsiamu nao akiulamba pamoja na wadudu huganda tumboni, utumbo unaziba.

Nafikiria udongo usio na mbolea sehemu 6 kwa mchanga laini uliooshwa sehemu 4, kina sentimita 10, ukaushwe kwanza. Ukibaki mbichi huota ukungu. Chakula kitakuwa kwenye bakuli. Nisubiri afikishe umri gani kabla ya kumwekea mchanganyiko huu? Na akiharisha, niondoe tandiko lote au palipochafuka tu?