Mrejesho: mawe hai yako tayari, yameingia tangini

Wakuu, naleta mrejesho. Niliuliza kama mawe hai (mawe ya baharini yenye bakteria na viumbe wadogo wanaoishi ndani yake) yanaweza kuingia moja kwa moja kwenye tangi la maji ya chumvi lenye samaki. Mkanikataza, na nawashukuru sana kwa hilo. Niliyaweka kwenye pipa la maji ya chumvi, gizani ili mwani usiote, na pampu ya kuzungusha maji pamoja na hita ya nyuzi 26. Wiki ya kwanza yalinuka yai viza! Sifongo (viumbe wa baharini walioshikamana na mawe) zilizokufa zilitoka kama kamasi ya kijivu nilipozisugua kwa mswaki. Kila wiki nilibadilisha nusu ya maji. Amonia, sumu kwa samaki inayotoka kwenye viumbe vinavyooza, ilipanda, ikafuata nitriti, sumu nyingine ambayo bakteria huitengeneza kutokana na amonia. Wiki ya tano zote mbili zikasoma 0 kwenye kipimo. Sasa jiwe linanukia bahari tu, na samaki wangu wote wazima.