Kanuni za kupiga kura za Jukwaa la Bajeti la Kaunti (CBEF): akidi iwe ngapi, na Gavana avunje sare?

Rasimu_ya_Tatu

Wadau, hamjambo. Naandaa kanuni za uendeshaji za Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, hili tunaloliita CBEF, ambapo serikali ya kaunti na wawakilishi wa wananchi wanashauriana kuhusu mipango na bajeti. Kaunti yenyewe ina mawaziri 10, Gavana na Naibu wake. Upande wa wananchi kuna viti 10 na vyote vimejazwa. Kifungu cha 137 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya Kenya ya 2012 kinataja wajumbe na kazi ya jukwaa basi. Akidi (idadi ya chini ya wajumbe ili kikao kiwe halali) hakigusi, wingi wa kura hakigusi, wala kura zikilingana ifanyweje.

Rasimu iliyoko mezani imenakiliwa kutoka katiba ya sacco. Sehemu ya kura inasema: "Akidi itakuwa zaidi ya nusu ya wajumbe. Maamuzi yatapitishwa kwa wingi wa kura. Mwenyekiti atakuwa na kura ya uamuzi." Sentensi tatu, imeisha.

Nauliza: hii inatosha kwa chombo ambacho kazi yake ni kushauri tu? Na je, mwakilishi akikosa kufika anaweza kumtuma mwenzake apige kura kwa niaba yake? Mwenye vifungu vilivyokwisha kutumika aweke hapa.

---

BajetiMashinani

Haitoshi, na ubaya wake utauona ukipiga hesabu. Gavana 1, Naibu 1, mawaziri 10: hao ni 12. Wananchi 10. Jumla 22. Zaidi ya nusu ya 22 ni 12. Kwa maneno mengine, serikali ya kaunti inaweza kukaa yenyewe, bila mwananchi hata mmoja chumbani, ikatimiza akidi, ikapiga kura, na kumbukumbu zikaandikwa kwamba "jukwaa limeshauriwa". Hicho ni kikao cha baraza la mawaziri kilichobadilishiwa jina.

Kwa hiyo akidi iwe na masharti mawili yanayotimizwa kwa pamoja: wajumbe wasiopungua 12 kwa jumla, na ndani yao wawakilishi wa wananchi wasiopungua 5. Daftari la mahudhurio liwe na safu mbili, upande wa serikali na upande wa wananchi, ili katibu asihesabu vichwa kwa macho. Andika pia kwamba akidi inahesabiwa kwa viti vyote 22, viwe vimejazwa au la. Ukiandika "wajumbe waliopo madarakani", kuna siku Gavana atachelewa kujaza viti 6 vya wananchi, na wawili kati ya wanne waliobaki watahesabiwa kuwa nusu ya wananchi.

Kuna jambo lingine ambalo huwa halionekani hadi kikao kifike saa saba mchana. Akidi inatimia saa tatu asubuhi, chai inanyweka, watu wanaanza kuondoka mmoja mmoja, na pendekezo zito linapigiwa kura wakiwa wamebaki tisa. Weka wazi kwamba akidi lazima iwepo wakati wa kila kura, si wakati wa kufungua kikao peke yake. Mjumbe yeyote anaweza kuomba wajumbe wahesabiwe. Wakipungua, mwenyekiti asubiri dakika 30. Wasiporudi, kikao kinaweza kuendelea kusikiliza taarifa lakini hakipitishi chochote. Yaliyopitishwa kabla ya hapo yanabaki halali.

La kutumiana kura: hapana. Mwakilishi anateuliwa na Gavana kwa jina lake baada ya kupendekezwa na shirika au kundi lake, kwa hiyo hawezi kumkabidhi mtu uteuzi huo kwa ujumbe wa simu. Mkitaka wajumbe mbadala, kila kundi lipendekeze majina mawili tangu mwanzo, na yote mawili yawe kwenye barua ya uteuzi.

---

Kifungu_kwa_Kifungu

Naongezea hapo kwenye "wingi wa kura", maana maneno hayo mawili yanaweza kusomwa kwa njia tatu na kila moja inaleta jibu lake. Chukua kikao chenye wajumbe 14. Ndiyo 6, hapana 5, waliojizuia 3.

Ukihesabu kura zilizopigwa tu, pendekezo limepita, 6 kwa 5. Ukitaka wingi wa waliohudhuria, zinahitajika 8, kwa hiyo limeanguka. Ukitaka wingi wa wajumbe wote wa jukwaa, zinahitajika 12, na limeanguka vibaya zaidi. Katika njia ya pili na ya tatu, aliyejizuia amepiga kura ya hapana bila kutaka. Kwa chombo cha ushauri mimi nachagua njia ya kwanza kwa mapendekezo ya kawaida: wingi wa kura za ndiyo na hapana, waliojizuia wahesabiwe kwenye akidi lakini si kwenye matokeo. Wingi mkubwa zaidi ubaki kwa kubadilisha kanuni zenyewe: theluthi mbili ya wajumbe wote, yaani 15 kati ya 22, na kati yao wananchi wasiopungua 6. Bila hilo la 6, serikali yenye 12 inahitaji kuvuta watatu tu ili ibadilishe kila kitu. Marekebisho yatolewe notisi ya maandishi ya siku 14, maneno ya zamani na mapya yakiwa sambamba kwenye karatasi moja.

Kura ya kuvunja sare: ifute. Mwenyekiti hana kura ya pili mpaka kanuni impe, na hapa hakuna sababu ya kumpa. Gavana ni mwenyekiti kwa mujibu wa sheria na hilo huwezi kulibadilisha, lakini yeye ndiye anayeshauriwa. Ukimpa kura mbili unamwachia ajishauri mwenyewe. Andika tu: "Kura zikilingana, pendekezo halijapita." Mtoa hoja ana nafasi ya kulirekebisha na kulileta tena kikao kijacho.

Kingine, hati hiyo iiteni kanuni za uendeshaji, msiiite sheria. Kifungu cha 137 hakikuipa CBEF mamlaka ya kutunga sheria. Mkitaka kanuni zenye meno mahakamani, zipitie bunge la kaunti, kwa mfano ndani ya sheria ya kaunti ya ushirikishwaji wa umma.

---

Rasimu_ya_Tatu

Asanteni sana. Hesabu ya akidi 12 na serikali 12 sikuwa nimeiona kabisa. Mambo mawili bado yananitatiza. Kwanza, mawaziri mara nyingi hawaji, wanawatuma maafisa wakuu wa idara. Hao wanahesabiwa? Pili, sharti la wananchi 5 nalitaka, ila si linawapa watu sita nafasi ya kugoma na kuizuia bajeti nzima?

---

BajetiMashinani

Afisa mkuu si mjumbe wa kamati tendaji ya kaunti (Gavana, Naibu na mawaziri), kwa hiyo si mjumbe wa CBEF. Aje, awasilishe waraka, ajibu maswali. Hahesabiwi kwenye akidi na hapigi kura. Yaandikeni hayo kwa maneno hayo hayo. Yasipoandikwa, mtakuwa na kikao cha mawaziri wawili na maafisa wakuu wanane, na hakuna atakayekuwa na ujasiri wa kuwaambia washushe mikono.

Kuhusu kugoma: bajeti haizuiliki. Tarehe za sheria zinakwenda hata jukwaa lisipokutana. Weka kikao cha marudio: akidi ikikosekana, kinaitishwa kingine ndani ya siku 7 kwa ajenda ile ile, na hapo wajumbe 8 wanatosha, wananchi wakiwemo 3. Hata hao wakikosekana, hazina ya kaunti inaendelea kuandaa bajeti, lakini taarifa iseme wazi kwamba jukwaa halikutoa maoni, na iorodheshe waliofika na wasiofika katika vikao vyote viwili. Orodha hiyo inawabana wagomaji, na inambana pia anayeitisha kikao Ijumaa jioni kwa notisi ya siku moja.

---

Mchumi_wa_Kata

Naomba nitofautiane kidogo na wakuu hapo juu. Mnaizungumzia kura kana kwamba ndiyo silaha. CBEF haimfungi mtu. Hata mkishinda 22 kwa 0, bunge la kaunti linaweza kupitisha kinyume chake. Nguvu ya jukwaa iko kwenye kile kinachoandikwa na kinamfikia nani, lini.

Kifungu cha kukishika ni cha 117 cha sheria hiyo hiyo, aya ya 5. Hazina ya kaunti inapoandaa waraka wa mkakati wa fedha, CFSP, inatakiwa kutafuta na kuzingatia maoni ya Tume ya Ugavi wa Mapato, ya umma, ya watu na makundi yenye maslahi, na ya jukwaa lolote lililoundwa kwa sheria. CBEF imeundwa kwa sheria. Kwa hiyo kanuni ziseme: mapendekezo ya jukwaa yatakuwa kiambatisho cha CFSP, na pembeni mwa kila pendekezo hazina itaandika imekubali, imekubali kwa sehemu, au imekataa na kwa nini. Wajumbe wa bunge la kaunti watakapoupokea waraka watakuwa na kitu cha kuuliza. Wana siku 14 tu za kuujadili na kuupitisha, na hawatakuwa na muda wa kuyatafuta maoni yenu kwenye kabati la idara ya mipango.

Ndiyo maana matokeo ya kura yasiandikwe "limepita". Yaandikwe kwa pande: "Ndiyo 11 (serikali 3, wananchi 8), hapana 7 (serikali 7), waliojizuia 2 (serikali 1, wananchi 1)." Msomaji ataona mara moja nani anataka nini. Na pendekezo likiangushwa na upande mmoja, kwa mfano wananchi 9 wamesema ndiyo na serikali 12 wamesema hapana, wananchi wawe na haki ya kuambatisha maoni yao, kurasa zisizozidi mbili, yapelekwe pamoja na kumbukumbu za kikao. Ningeweza kuziacha kanuni zote za kura nikabaki na hiyo moja.

Kisha kalenda, maana hapo ndipo majukwaa mengi hufia. Mpango wa maendeleo wa mwaka, ADP, unatakiwa kufika bunge la kaunti ifikapo tarehe 1 Septemba, kwa hiyo jukwaa likae mwanzoni mwa Agosti. Taarifa ya mapitio na mwelekeo wa bajeti, CBROP, inafika kwa kamati tendaji ifikapo 30 Septemba. Kaeni katikati ya mwezi huo. CFSP inafika bungeni ifikapo 28 Februari, lakini kabla ya hapo inaidhinishwa na kamati tendaji, hivyo mkikutana tarehe 20 Februari mnajadili kitu kilichokwisha kupigwa mhuri. Kaeni wiki ya mwisho ya Januari. Makadirio ya bajeti yanafika bungeni ifikapo 30 Aprili. Kaeni mwishoni mwa Machi. Vikao vinne, na tarehe zake zitangazwe Julai mwaka wa fedha unapoanza. Nyaraka zifike siku 7 kabla. Kitabu cha kurasa 80 kikigawiwa mlangoni, mjumbe awe na haki ya kuomba jambo hilo lisipigiwe kura siku hiyo.

Asiyeona haja ya haya yote akumbuke Kiambu. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2013 ya kaunti hiyo kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Hukumu hiyo iliwaonyesha wote kwamba tangazo la gazetini pekee haliokoi kaunti.

---

Kifungu_kwa_Kifungu

Nakubaliana na Mchumi kuhusu maoni ya wachache, sikubaliani kwamba kura ni mapambo. Bila kura hakuna wa kusema wachache ni akina nani.

Rasimu_ya_Tatu, hakiki pia uteuzi kabla hujapeleka. Sheria inataja makundi saba: wataalamu, wafanyabiashara, masuala ya wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya kidini. Vijana hawamo, ajabu na kweli, hivyo mkiwataka (na mnawataka) waingie kupitia mashirika ya makundi hayo katika viti vitatu vinavyobaki. Katika 10, jinsia moja isizidi 6. Mtumishi wa kaunti haruhusiwi: muuguzi wa hospitali ya kaunti au mwalimu wa chekechea aliyeajiriwa na kaunti hawezi kukaa upande wa wananchi, hata kama chama chake kimempendekeza. Mwalimu wa TSC (tume ya kitaifa inayoajiri walimu) si mtumishi wa kaunti. Akipatikana asiyestahili, kura yake itatiliwa shaka na akidi ya wananchi 5 huenda ikawa ilikuwa 4.

---

BajetiMashinani

Kwa rasimu yako, nakuwekea kifungu cha kunakili. Badilisha namba kulingana na viti vyenu.

"Kanuni ya 9. (a) Akidi ni wajumbe 12 kati ya 22, wakiwemo wawakilishi wa wananchi wasiopungua 5, na itakuwepo wakati wa kila kura. (b) Wajumbe watatafuta maafikiano kwanza. Mjumbe yeyote akiomba kura, itapigwa kwa kunyoosha mkono. (c) Pendekezo litapita kwa wingi wa kura za ndiyo na hapana zilizopigwa. Waliojizuia hawatahesabiwa katika matokeo. (d) Mwenyekiti ana kura moja. Kura zikilingana, pendekezo halijapita. (e) Hakuna kupiga kura kwa niaba ya mjumbe asiyekuwepo. Afisa mkuu anayemwakilisha waziri hapigi kura wala hahesabiwi kwenye akidi. (f) Mjumbe mwenye maslahi binafsi katika jambo atayatangaza kabla ya mjadala na hatapiga kura. (g) Matokeo yataandikwa kwa upande wa serikali na upande wa wananchi. (h) Maoni ya walioshindwa yataambatishwa yakiwasilishwa kwa katibu ndani ya siku 5."

Gavana asipokuwepo Naibu aongoze, na wote wawili wasipokuwepo wajumbe wachague mmoja wao kwa kikao hicho tu. Kiwango cha posho msikiweke kwenye kanuni kabisa, wekeni fungu la jukwaa kwenye bajeti ya idara ya mipango. Kikao kisicho na nauli ya mjumbe anayetoka wadi ya mbali hakitapata wananchi 5 hata kanuni iandikwe kwa wino wa dhahabu.