Tulipitisha kalavati, mpango umerudi na ukumbi. Naanzia wapi?

MamaViazi:
Kamwene wakuu. Naandika kutoka Kilolo, Iringa, kijiji nakihifadhi. Niliingia halmashauri ya kijiji kwenye uchaguzi wa Novemba 2024, viti vya wanawake, kwa hiyo bado mgeni kwenye haya mambo.

Mkutano mkuu wa kijiji ulikaa kupanga vipaumbele. Watu walibishana mpaka ukungu ukashuka. Mwisho tukakubaliana: namba moja kalavati kwenye kijito kinachotutenga na barabara, namba mbili kumalizia boma la zahanati ambalo limefika kwenye lenta na limeota majani. Mvua zikianza lori halivuki, mnunuzi wa viazi anatupangia bei anayotaka kwa sababu anajua hatuna pa kwenda. Mjamzito anavushwa kwa machela, wanaume wanne, maji ya magoti.

Sasa orodha imerudi kutoka kata. Namba moja: ukumbi wa mikutano. Zahanati imeshuka ya tatu. Kalavati haipo kabisa! Na tumetangaziwa kila kaya 20,000 ya ukumbi, asiyetoa mgambo atampitia. Nilipouliza nikajibiwa, "Mbona ulisaini?" Kumbe nilichosaini ni karatasi ya mahudhurio.

Wananchi wananiuliza mimi. Nifanye nini bila kuonekana nimekuja kuvuruga?

Ulanzi_Mbichi:
Ule utaratibu wa kijiji kupanga vipaumbele si unaitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo? Fursa zao, vikwazo vyenu 😂

Mtendaji_Mstaafu:
Mwacheni mtani. Dada, nimekuwa mtendaji wa kijiji miaka mingi, nikueleze jikoni kulivyo.

Karatasi ya mahudhurio inathibitisha ulikuwepo, basi. Uamuzi unakaa kwenye muhtasari, na muhtasari husomwa kikao kinachofuata, watu wakauthibitisha, ndipo mwenyekiti na mtendaji wanasaini. Kauombe uusome. Wewe ni mjumbe, huombi hisani.

La pili ndilo nadhani limewaponza. Tangu 2017 barabara za vijijini ziko TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Kalavati za barabara hizo si kazi ya halmashauri ya wilaya tena, kama ambavyo maji vijijini yalikwenda RUWASA, wakala wa maji vijijini, 2019. Mkiandika kalavati kwenye fomu ya halmashauri, mtu wa kata anaikata: "hii si yetu." Alipaswa kuipeleka kwa meneja wa TARURA wilaya. Mara nyingi anaikata tu, halafu mstari unabaki wazi, na mstari ulio wazi hauachwi wazi. Hapo ndipo kumbi huzaliwa.

Mchango nao una njia yake. Wa hiari ni wa hiari. Wa kulazimishana unahitaji sheria ndogo ya kijiji, ipite mkutano mkuu kisha ikaidhinishwe na halmashauri ya wilaya. Waulize sheria ndogo iko wapi, kwa upole.

Kagereji_Uyole:
Naona mtendaji wa kata anabebeshwa lawama zote. Anapewa fomu Ijumaa irudi Jumatano, na ukomo wa bajeti umeshapangwa juu. Mimi naanza na mwenyekiti wenu wa kijiji. Yeye ni mjumbe wa kamati ya maendeleo ya kata. Kalavati ilipokatwa alikuwa amekaa pale pale. Alisema nini?

Mtendaji_Mstaafu:
Hapo umenishinda, Uyole. Kweli aanze na mwenyekiti, na ampate wawili tu, nyumbani, si mbele ya watu. Mkimwaibisha hadharani mmempoteza.

NdiziTukuyu:
Sisi huku Rungwe yalitukuta. Mkutano ulikuwa unaitwa siku ya gulio, kina mama wote wako na ndizi barabarani, wanaobaki ni wazee na vijana wa bodaboda. Tukaomba vianze vikao vya vitongoji, jioni. Kupanga vipaumbele tulipiga kura kwa punje za mahindi kwenye vibakuli, mtu anatumbukiza bila kusema, maana mke hawezi kunyoosha mkono kumpinga baba mkwe mbele za watu. Maji yalipanda kutoka ya tano hadi ya kwanza!

Halafu kalavati: kusanyeni mawe na mchanga kabla ya barua. Barua ikisema "nguvu za wananchi zipo tayari, tripu kadhaa za mawe ziko eneo la kazi", afisa anapata cha kuja kukagua.

Ulanzi_Mbichi:
Mawe yataibiwa yajenge nyumba ya mtu. Wekeni mlinzi. Hili sitanii.

MamaViazi:
Wakuu, mrejesho. Muhtasari nimeuona: kalavati namba moja, saini zote zipo. Nikaenda kwa mwenyekiti jioni, nikabeba debe la viazi, nikamkuta anakoka moto. Amesema ukweli. Kule kata aliambiwa barabara si za hapa, akanyamaza, na hakujua mlango mwingine ni upi. Ukumbi uliletwa na mtu mwingine, akaona aibu kukataa mbele ya diwani.

Mchango umesimama mpaka mkutano mkuu wa robo hii, ambao lazima ukae hata hivyo kwa ajili ya mapato na matumizi. Zahanati inarudi mezani siku hiyo. Kitongoji chetu kimeanza kusomba mawe, tripu mbili za trekta.

Barua ya TARURA mwenyekiti ameniomba niandike mimi, anasema mwandiko wake hausomeki. Mtendaji_Mstaafu, uwepo kesho jioni nikutumie rasimu.