Tupeane uzoefu: riwaya za majasusi, wapi ulikuta tarehe zinagongana na wapi ulilia

#1 (mleta uzi)
Wakuu habari za jioni. Uzi huu ni wa wale tunaosoma riwaya za kijasusi zenye muendelezo, jasusi yuleyule kitabu cha kwanza mpaka cha kumi na kitu. Tupeane uzoefu wa mambo mawili kwa pamoja, sehemu uliyokuta mwandishi kajichanganya, na sehemu jasusi mwenyewe alilainika mpaka na wewe ukalainika. Naanza mimi.

James Bond, jasusi wa Kiingereza wa mwandishi Ian Fleming, nilimsoma bila mpangilio maana vitabu nilikuwa nanunua vya mtumba pale Posta, unachokikuta chini kimetandikwa ndo hichohicho. Sasa kwenye Casino Royale (1953) tunaambiwa Bond ile Bentley yake aliinunua 1933 ikiwa karibu mpya. Sawa. Nikaja kupata You Only Live Twice (1964), humo gazeti linatangaza kifo chake na kueleza maisha yake, kwamba 1941 alikuwa na miaka 17 akadanganya ana 19 ili aanze kazi. Piga hesabu, huyo kazaliwa 1924, kwaiyo gari kanunua ana miaka 9! Na Moonraker (1955) inasema imebaki miaka 8 afikishe 45, yaani ana 37, sasa hapo 1924 inaingiaje? Niliumia kweli, nikaona mzee huyu anatuandikia bila kufungua vitabu vyake vya nyuma, maana alikuwa akienda zake Jamaica kila mwanzo wa mwaka anatoka na kitabu.

Halafu nikaja kumzika mdogo wangu. Msibani sikulia, nilikuwa nakimbizana na turubai, jeneza, gari la kumpeleka nyumbani, watu wakasema huyu kaka yake ana moyo wa chuma. Miezi kama minne baadaye niko kwenye daladala nasoma On Her Majesty's Secret Service (1963), pale mwanzoni tu, wanasema Bond kila mwaka huenda mji wa Royale na hupita kwenye kaburi la Vesper, mwanamke aliyempenda. Vesper huyo alikufa kitabu cha kwanza, miaka 10 nyuma, na Bond alimmaliza kwa tusi kwenye simu tukajua basi limeisha. Kumbe anaenda, kimyakimya, hamwambii mtu. Nililia mle ndani mpaka mama mmoja akanipa leso yake, hakuniuliza kitu. Mwandishi kasahau mtu wake kazaliwa lini ila lile kaburi hakulisahau.

Karibuni.

#2
Pole sana kaka kwa mdogo wako. Mimi ni mhasibu, tarakimu ndo maisha yangu, na aliyenisumbua ni George Smiley, jasusi wa Kiingereza kwenye riwaya za John le Carré. Call for the Dead (1961) inasema aliingia kazini 1928, akitokea Oxford. Ukifika Tinker Tailor Soldier Spy (1974) anapaswa awe mzee anakaribia 70, lakini anarudishwa kazini kama wa makamo, na vitabu vya baadaye vimesogeza kuajiriwa kwake hadi 1937. Kapunguziwa umri kimyakimya. Niliandika miaka yote pembeni ya kurasa kwa penseli.

Ila kuna kile kiberiti cha gesi jamani. Smiley yuko gereza la Delhi anamhoji Karla, jasusi wa Urusi ambaye ndiye adui yake mkubwa, na yeye wakati huo mke wake Ann kamvuruga akili, kwaiyo badala ya kuhoji anajikuta anaongea habari za wake, mfikirie mkeo, mkeo atateseka. Karla hajibu hata neno. Anaondoka na kiberiti alichopewa na Smiley, kimeandikwa maneno ya mapenzi kutoka kwa Ann, na tangu siku hiyo anajua huyu mwanaume pa kumpiga ni wapi, ndo maana akaja kumtuma Haydon, mwenzake Smiley kazini aliyekuwa msaliti wa siri, akalale na Ann. Mwisho wa Smiley's People (1979) Karla anavuka daraja Berlin, anakidondosha kile kiberiti chini. Smiley anakiona. Hakiokoti.

Niliachika nikiwa na miaka 34. Saa ya aliyekuwa mume wangu ilibaki droo ya kitandani miaka sita, naitia betri ikiisha, sijui nilikuwa nasubiri nini. Nilipomaliza ukurasa ule niliitoa nikaiweka kwenye mfuko wa vitu vya kugawa. Sikuirudia tena.

#3
Dada wa #2 umenigusa sana. Mimi nilipita jeshini kwaiyo nachangia silaha tu. Msomaji mmoja, Geoffrey Boothroyd, mtaalamu wa bunduki, 1956 alimwandikia Fleming kwamba ile bastola ya Beretta ya Bond ni ya kike, haimfai. Fleming hakununa, kwenye Dr. No (1958) akambadilishia Bond akampa Walther PPK na fundi silaha akampa jina Boothroyd. Lakini akachanganya tena! Ule mkoba wa Berns-Martin ambao Boothroyd aliupendekeza ni wa bastola ya kuzunguka (revolver), yeye kautia Walther ambayo si ya aina hiyo. Hilo sijamchukia nalo, mtu anayekubali kusahihishwa na msomaji nampenda.

#4
Niko Machakos. Mimi naona makosa ya miaka yanaumiza, tusiyapitie hivihivi. A Legacy of Spies (2017), Guillam, msaidizi wa zamani wa Smiley, anamkuta Smiley hai Freiburg, Ujerumani, anasoma maktaba. Hata ukichukua ule umri uliopunguzwa ashapita 100. Nilitaka kukiacha hapo.

Kilichonizuia ni babu. Alipigana Burma na KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, na miaka yake ya mwisho mimi ndiye nilikuwa namwogesha. Leo angesema walisafiri 1942, kesho 1945, vita vinaanza na kuisha vile anataka, na mimi nilikuwa namrekebisha nikifikiri namsaidia. Lakini rafiki yake aliyefia kule bonde la Kabaw, hapo hakubadilisha kitu hata siku moja. Mvua ilikuwa inanyesha, alikuwa amevaa kiatu kimoja, aliomba chai. Kila mara vilevile. Siku moja nikaacha kumrekebisha. Na Guillam pale anakumbuka watu waliokufa kwa kazi yao, Alec Leamas na Liz, nikasikia sauti ya babu kabisa, nikasoma hadi mwisho.

#5 (mleta uzi)
Mkuu wa #4 nimesoma mara tatu. Huyo rafiki yake babu, jina alikuwa akilikumbuka?

#6
Ndio mkuu, ni mimi wa #4. Baba yangu mdogo, yule kitinda mimba, ndiye alipewa hilo jina.