Mchezo wa hotuba fupi na glasi mezani: dakika moja au slaidi za kubahatisha?

Baraza_la_Mbezi:
Wakuu, salaam. Jumamosi washkaji wanakuja kwangu na karata tumezichoka. Nataka mchezo wa hotuba: unasimama, unaongea, ukikosea unapiga funda. Nimebakiza miwili: dakika moja, ule wa redio ya BBC tangu 1967, na slaidi za kubahatisha, yaani unahutubia picha ambazo hujawahi kuziona. Upi unafaa?

Mama_Ukwaju:
Dakika moja, mkuu. Saa ya simu inatosha. Msemaji haruhusiwi kusita, kurudia neno wala kutoka nje ya mada. Anayenasa kosa anagonga meza. Likikubalika, msemaji anapiga funda na mgongaji anamalizia sekunde zilizobaki. Akigonga bure, funda lake. Ndiyo maana hakuna anayesinzia. Ila viunganishi na maneno ya kwenye mada yaruhusiwe kurudiwa, la sivyo hata sekunde kumi hamfiki.

Fundi_Slaidi:
Mimi niko upande wa slaidi. Wajerumani wa Berlin wanazicheza tangu 2006. Wale wa PechaKucha, mtindo wa kuhutubia kwa picha ulioanzia Tokyo 2003, wana picha 20 za sekunde 20 kila moja, karibu dakika saba. Kwa walevi ni ndefu mno, weka picha tano tu. Mpe mtu mkimya chati ya bei ya korosho, kisha bibi harusi, kisha bodaboda ndani ya mtaro, umsikie anavyoziunga! Picha inampa la kusema, dakika moja inamwacha mtupu.

Mpwa_wa_Tanga:
Wote mnafanya kinywaji kiwe adhabu, na hapo sikubali. Asiyejua kuongea anakunywa zaidi, anazidi kuboronga, anakunywa tena. Georgia, ile ya Kaukazi, wana karamu ya supra: kiongozi wa meza, tamada, anatoa mada, labda amani au waliotangulia, anahutubia, wengine wanaongeza la kwao, ndipo divai inanyweka. Tulijaribu tukimuaga rafiki anayehama. Watu walisema mambo ambayo miaka yote hawakuwahi kumwambia.

Baraza_la_Mbezi:
Mpwa, umenigusa. Basi dakika moja mapema, funda dogo, wasiokunywa wapate juisi. Nyama ikishuka jikoni, tunamchagua tamada. Slaidi zisubiri mwenye projekta.

Fundi_Slaidi:
Ninayo. Nitumie ramani.