Mzee kavuta sigara miaka 40, akiacha sasa inasaidia?

Wakuu, mzee wangu ana 61, akipanda ngazi tu anahema na kikohozi cha asubuhi hakiishi, yeye anasema ni uzee na mapafu yashaharibika kwahiyo kuacha ni bure. Kweli?

Jibu: Huo sio uzee mkuu. Pafu lililoharibika halirudi ila akiacha hata leo linachakaa polepole kuliko akiendelea kuvuta. Mpeleke apulize kwenye spirometa (kifaa cha kupima uwezo wa mapafu), na makohozi wapime TB, kikohozi kikizidi wiki 2 usikiache.

Jibu: Baba aliacha akiwa na 58, pumzi haikurudi yote ila sasa anafika msikitini bila kupumzika njiani. Usimgombeze mzee, sisi mama ndo alimbembeleza mpaka akakubali.

Muulizaji: Asanteni sana, jumatatu nampeleka.