Acheni kutuuzia "wananchi wanaunga mkono ahadi" kama utabiri wa kura, Arusha na Moshi tumechoka

Wakuu, mamodereta naomba msiuunganishe uzi huu na ile ya kampeni. Hapa sijadili nani atashinda. Nalalamikia zile ripoti za utafiti wa maoni zinazorushwa kwenye magrupu kila uchaguzi mkuu unapokaribia: grafu mbili za rangi, nembo, na sentensi moja kwa herufi nene kwamba asilimia themanini na kitu ya wakazi wa Arusha au Moshi "wanaunga mkono" ahadi fulani, kwa hiyo chama husika kitapita bila jasho. Mgombea analipa, watu wake wanapanga ratiba ya mikutano kwa kuifuata, wengine wanaisambaza kama ilivyo, na hakuna hata mmoja anayeomba kuliona dodoso. Inauma kwa sababu makosa yenyewe yanajulikana, yanapimika na yanarekebishika. Ni uvivu tu.

Naanza na balozi, maana hapo ndipo uozo unapoanzia. Timu ya utafiti ikifika inaripoti kwa mtendaji wa mtaa, sawa, huo ndio utaratibu. Mtendaji anampigia mwenyekiti, mwenyekiti anamwita balozi wa nyumba kumi awatembeze wageni. Sasa balozi ni kiongozi wa shina la CCM, si mtumishi wa serikali. Mwenyekiti wa mtaa naye amechaguliwa kwa tiketi ya chama. Mama wa Unga Limited, Arusha, amekaa kibarazani anachambua mchele, balozi kaegemea mlango, kijana mwenye kishikwambi anauliza: "Mama, ahadi ya chama hiki ya mikopo isiyo na riba unaionaje?" Mama anamwangalia balozi kwanza, ndipo anajibu: "Nzuri tu." Hiyo "nzuri tu" ndiyo inayopandishwa kwenye grafu. Na msidhani ni tatizo la chama kimoja. Mtaa ambao mwenyekiti wake ni wa upinzani, akiandamana na timu, majibu yanapinda kuelekea upande wake vilevile.

Dawa haina gharama. Anayewatambulisha awatambulishe asubuhi, kisha arudi nyumbani kwake. Mdadisi, yaani anayehoji, asivae rangi za vyama: kijani wala njano, bluu wala nyekundu. Swali la chama lisijibiwe kwa mdomo: mpe mhojiwa karatasi ya mfano yenye majina na nembo za vyama, ageuke pembeni, aweke alama, akunje, atumbukize kwenye kisanduku kilichofungwa. Karatasi iwe na namba inayoiunganisha na dodoso, na mhojiwa aambiwe wazi kwamba jina lake haliandikwi popote.

Halafu swali lenyewe. "Je, unaunga mkono ahadi ya kuwapa mikopo isiyo na riba bodaboda, mama lishe na wamachinga?" Nani atakataa? Mtu muungwana akiulizwa na mgeni kuhusu jambo jema anasema ndiyo, na ndiyo yake haina uhusiano wowote na kura. Zaidi ya hapo, halmashauri tayari zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarudishwa 2024. Kwa hiyo anayejibu unamjuaje kama anasifu ahadi mpya, anakumbuka mkopo uliokwama, au anaomba ule uliopo umfikie? Dodoso zima halina swali la kutenganisha mambo hayo matatu.

Ukitaka kujua ahadi ina nguvu gani, mlazimishe mtu achague. Mwekee kadi tano mezani: maji, ada na michango ya shule, bima ya afya, barabara ya mtaa, mikopo. Mpe punje 10 za maharage azigawe juu ya kadi kwa jinsi kila jambo linavyomgusa. Mtu yuleyule aliyesema "naunga mkono" mara tano, utamwona anaweka punje saba kwenye maji, tatu kwenye shule, na mikopo anaiacha tupu. Hapo ndipo unapata taarifa. Na wahojiwa wagawanywe makundi matatu kwa bahati nasibu: kundi la kwanza lisomewe ahadi bila jina la chama, la pili lisomewe ahadi hiyohiyo ikiwa ya chama tawala, la tatu ikiwa ya upinzani. Pengo kati ya makundi ndilo linaonyesha kinachopimwa ni ahadi au ni chama. Mara nyingi ni chama.

Sasa hesabu ambayo ripoti hizi haziifanyi kabisa. Namba ni za mfano, ila mtiririko ndio wenyewe. Watu 1,000, na 800 wanasema ahadi ni nzuri. Nusu yao tu ndio waliowahi kuisikia kabla mdadisi hajawasomea: 400. Nusu ya hao wanaamini chama kitaitekeleza: 200. Robo ya hao wanaiweka kwenye mambo mawili ya kwanza: 50. Kati ya hao 50, tuseme 35 walikuwa wakikipigia chama hicho miaka yote, ahadi iwepo isiwepo. Wamebaki 15. Wakijitokeza sita kati ya kila kumi, ni kura 9. Kutoka 800 mpaka 9! Tisa katika elfu si haba jimbo likiwa limebanana, lakini anayemwambia mgombea kwamba ana 800 mfukoni anamdanganya.

Hatua ya imani ndiyo inayorukwa zaidi, na hapa wapiga kura wana kumbukumbu kuliko watafiti. Mwaka 2015 majukwaani iliahidiwa shilingi milioni 50 kwa kila kijiji. Mpaka uchaguzi wa 2020 vijiji vilikuwa havijazipata kama zilivyotamkwa. Ukimsomea mtu ahadi ya fedha leo, anaipima kwa hiyo. Kwa hiyo uliza: "Kati ya 0 na 10, una uhakika gani kwamba utaliona jambo hili likifanyika hapa mtaani ndani ya miaka mitano?" Swali moja, sekunde ishirini.

Ukubwa wa ahadi nao hautabiri kitu peke yake. Mwaka huohuo wa 2015 CCM, mgombea wake akiwa Magufuli, iliahidi elimu bila malipo mpaka kidato cha nne, upande wa mpinzani wake Lowassa ukaahidi mpaka chuo kikuu. Kama kura zingefuata ukubwa wa ahadi, tungejua matokeo kwa kusoma ilani. Matokeo rasmi yalikuwa Magufuli asilimia 58.46, Lowassa 39.97. Tafiti za maoni za Septemba 2015 za taasisi mbili zilisema Magufuli 65 kwa Lowassa 25 (Twaweza) na 62 kwa 31 (Ipsos). Mshindi walimpata. Lakini kura za mpinzani zilikadiriwa pungufu kwa alama 15 za asilimia kwenye moja na 9 kwenye nyingine, na hao ni watu waliotangaza sampuli na mbinu zao hadharani. Sampuli ya watu 1,800 hivi ina kosa la kama alama 2.3 tu, yaani namba inaweza kupanda au kushuka kwa kiasi hicho kwa bahati tu. Alama 15 haziwezi kuelezwa na bahati mbaya ya sampuli. Lazima uulize nani hakufikiwa, nani alificha, nani aliamua baadaye. Kama waliojipanga walikosea hivyo, hawa wa grafu mbili je?

Nani hakufikiwa: Moshi mwezi Agosti ni msimu wa wageni. Mpagazi wa Pasua aliyepanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Machame Jumatatu anarudi baada ya siku sita au saba. Timu inayofanya kazi Jumanne mpaka Ijumaa haimpati, wala haimpati mwenzake, wala mpishi wao. Waongoza watalii wa Arusha wako Serengeti. Wamama wa masoko ya Kilombero (Arusha) na Mbuyuni (Moshi) wametoka alfajiri kuwahi mzigo. Mdadisi anagonga saa nne asubuhi, anamkuta mstaafu, anamhoji, anahesabu kaya imekamilika. Halafu wanashangaa kwa nini ahadi ya pensheni imeongoza! Kaya iliyochaguliwa irudiwe mara tatu, mara moja baada ya saa kumi na mbili jioni na mara moja Jumapili mchana watu wametoka ibadani. Ndani ya kaya asihojiwe aliyefungua mlango. Orodhesha wote wenye miaka 18 na kuendelea, chagua mmoja kwa bahati nasibu. Yuko mlimani? Msubiri ashuke au mpigie, usimbadilishe na jirani.

Na wale mnaopenda kusema "tumehoji watu 400, kosa ni asilimia 4.9": hiyo ni kama umewaokota mmoja mmoja mji mzima. Ninyi mmechagua mitaa 20, watu 20 kila mtaa. Majirani wanafanana. Kiwango cha kufanana (0 hawafanani kabisa, 1 ni sawasawa) kikiwa 0.05 tu, kizidishio cha kosa ni 1 + (19 × 0.05) = 1.95, kwa hiyo watu wenu 400, ukigawa kwa 1.95, wana thamani ya 205 na kosa linapanda mpaka 6.8. Mkigawa Arusha 200 na Moshi 200, kila mji una kosa la karibu alama 10. Ndiyo maana "Moshi 52, Arusha 46" haina maana yoyote. Kwa watu 400 haohao, nendeni mitaa 50, watu 8 kila mmoja, kosa linashuka mpaka 5.7. Nauli inaongezeka, ndiyo. Lipeni.

Kupika data nako. Ukimlipa mdadisi kwa fomu, utapata fomu. Dodoso la dakika 25 likijazwa kwa dakika nne, na fomu kumi na mbili zina alama moja ya ramani, huyo alikaa chini ya mti. Vishikwambi vinarekodi muda na mahali. Wasimamizi hawafungui hata kuangalia. Lipa kwa siku, na rudia kwa simu fomu moja kati ya kila kumi.

Mchangiaji #5:
Mkuu umesema kweli, niongeze moja kwenye kuficha. Kisanduku kinasaidia, ila wapo wasioamini hata kisanduku. Tumia orodha ya kauli. Nusu ya wahojiwa wape kauli nne za kawaida (nina kadi ya mpiga kura, nasikiliza redio kila siku, na kadhalika), waseme ni ngapi zinawahusu, siyo zipi. Nusu nyingine wape hizohizo nne na ya tano: "nitaipigia upinzani." Wastani wa kwanza ukiwa 1.9 na wa pili 2.2, tofauti ya 0.3 ni asilimia 30, na hakuna aliyejitaja. Linganisha na waliosema wazi. Ubaya wake: inakula watu wengi, chini ya 1,000 namba inayumba sana. Na kauli nne zisiwe zote zinazomhusu kila mtu, la sivyo mtu akisema "tano" amejianika.

Mchangiaji #8:
Mangi, mbona ahadi za maji na barabara za mtaani zinageuza kura kweli? Usizitupe zote.

Mwanzisha uzi:
#5 asante, hiyo iingie. #8 sijazitupa. Zinageuza, ila kura ipi? Siku ya uchaguzi mtu anapewa karatasi tatu: rais, mbunge, diwani. Mwaka 2005 Kikwete alipata asilimia 80.28 nchi nzima, na Moshi Mjini ikamrudisha Ndesamburo wa Chadema bungeni. Dodoso lenye swali moja la "utachagua chama gani" lingekosea moja ya hizo mbili kwa lazima. Uliza karatasi tatu, tatu tofauti, na ahadi ya barabara ya Sombetini, Arusha, ipimwe kwenye ile ya diwani na mbunge. Ahadi ya bei ya kahawa kwa wa Kibosho na Uru ipimwe mara mbili, kabla na baada ya wakulima kupokea malipo ya pili, kwa sababu malipo yakichelewa kila kitu kinapakwa hasira.

Na kabla ya yote: amejiandikisha wapi? Mwanafunzi wa chuo cha ushirika Moshi anaweza kuwa ameandikishwa Tabora. Kujitokeza kulikuwa karibu asilimia 43 mwaka 2010, 67 mwaka 2015, 51 mwaka 2020. Usiulize "utapiga kura?", wote watasema ndiyo. Uliza kadi iko wapi, kituo chake kinaitwaje, na mara ya mwisho alipiga au hakupiga. Asiyejua kituo chake mpe uzito mdogo kwenye hesabu.

Kwa mnaosimamia magrupu ya kata, ripoti ijayo ikirushwa ombeni haya kabla ya kusambaza: dodoso lote, mitaa iliyochaguliwa na jinsi ilivyochaguliwa, tarehe na saa za mahojiano, nani alilipia, waliokataa ni wangapi, na nani aliwatembeza wadadisi. Hilo la mwisho ulizeni la kwanza.